Pointi za shemeji

Kutoka Tampa hadi Orlando ni barabara moja tu, I-4, na shemeji aliimaliza yote akililalamikia jengo. Jengo lenyewe si lake. Ni Island Tower, mnara mpya wa hoteli uliofunguliwa Desemba 2024 kando ya ziwa, ndani ya Walt Disney World, na yeye kwake ni kwingine kabisa, mwendo mzuri wa basi kutoka hapo. Lakini alivyokuwa akiuongelea ungedhani ni kijana wa nyumbani aliyeoa bila kuaga wazee.

Dada alikuwa kiti cha nyuma, viatu kavua, anaperuzi simu. "Mwache amalize," akaniambia. "Akiona twiga atatulia."

Shemeji ni mwanachama wa Disney Vacation Club. Klabu hiyo ilianza 1991 na hoteli ambayo leo inaitwa Old Key West, na biashara yake ni ile ya kumiliki kwa zamu: badala ya kununua nyumba nzima ya mapumziko, unanunua kipande chake, na kila mwaka kipande hicho kinakupa pointi za kulipia malazi. Chumba kikubwa kinakula pointi nyingi, sikukuu zinakula zaidi. Hoteli uliyonunua ndiyo inahesabiwa kuwa kwako. Unaweza kuweka nafasi miezi 11 kabla, ilhali kwa wenzako unasubiri hadi ibaki miezi 7. Mkataba wa shemeji unaisha 2057. Wa Riviera, hoteli nyingine ya klabu iliyofunguliwa Desemba 2019, unakwenda hadi 2070.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa. Mgeni wa kawaida akichukia rangi ya ukuta, kesho anafungasha. Huyu yuko na ukuta huo hadi uzeeni, na kila mwaka analipa ada ambayo ndani yake mna fungu la kubadilisha vitanda, makochi na sakafu. Wakiharibu, wameharibu kwa pesa yake.

Mimi ni seremala. Malindi nachonga milango na vitanda vya nyumba za wageni, na nimefanya kazi Lamu pia, Shela, kwa wenye majumba ya zamani. Kwa hiyo dada aliponialika hakuniambia habari ya michezo. Alisema, njoo uone mbao.

Mbao nikaziona. Animal Kingdom Lodge, ndiyo kwake shemeji, ilifunguliwa 2001, kazi ya msanifu Peter Dominick, na umbo lake limekopa boma la mifugo: jengo limejikunja, katikati mna malisho, na wanyama wanapita chini ya madirisha. Ukumbi wa mapokezi umeinuka ghorofa kadhaa hadi kwenye paa lenye sura ya makuti, taa zake zimetengenezwa kama ngao, na juu kuna daraja la kuning'inia. Pembeni amesimama Ijele, kinyago kikubwa cha Waigbo wa Nigeria, kimejaa vitambaa na vijisanamu kutoka chini hadi juu. Nilikizunguka mara mbili. Kile hakikununuliwa kwenye duka la mapambo. Kuna watu walikaa wakashona.

Upande ulio zaidi wa wenye pointi unaitwa Kidani Village, ulioongezwa 2009. Huko nilikaa kwenye mgahawa wa Sanaa nikiletewa mikate ya aina tano na vichovyo tisa, chatini ya ukwaju ikiwemo, nikatazama ng'ombe wa Ankole wenye pembe za kutisha wakipita nje ya kioo. Majina yako ya Kiswahili kila upande, kuanzia bwawa la kuogelea hadi duka la zawadi, na hakuna mhudumu aliyeniitikia nilipomsalimia kwa lugha hiyo isipokuwa neno "jambo". Wamechanganya Nigeria, Afrika Kusini na Tsavo chini ya paa moja, na mtu wa pwani ana haki ya kukunja uso kidogo. Lakini nilipopitisha kidole kwenye nakshi za nguzo sikuweza kuidharau kazi. Mahali mkono unapofika pamefanyiwa kazi, na mahali macho yanapofika tu pia pamefanyiwa kazi.

Shemeji alitulia kweli. Akavuta kiti roshani, akanyamaza muda mrefu, pundamilia wakila.

Chumbani aliamka tena. Vyumba vinafanyiwa ukarabati kila baada ya miaka kadhaa, na mtindo wa siku hizi katika hoteli hizi zote ni mmoja: ukuta mweupe, zulia linatoka, inawekwa sakafu ya kuiga mbao, fanicha nzito inapungua. "Unaona?" akasema, akigonga meza kwa kifundo cha kidole. "Kitu kama hiki unakipata popote."

Nilimjibu kwa ufundi wangu. Kichwa cha kitanda chenye nakshi za kina kinakusanya vumbi, na anayesafisha ana dakika chache kabla ya mgeni mwingine. Zulia mvua za Florida zinalivundisha. Hata Malindi wateja wangu wanaomba vitanda visivyo na nakshi siku hizi, kwa sababu hiyo hiyo. Akasema sawa, lakini ada haijapungua.

Siku iliyofuata tulipitia kwanza Harambe, ule mji wa kuigiza ndani ya mbuga yenyewe ya Animal Kingdom, ile ya michezo na wanyama. Mbuga ilifunguliwa Aprili 1998, na kiongozi wa usanifu wake, Joe Rohde, alifika Lamu kutafuta sura ya mji huo. Inaonekana. Plasta imebanduliwa makusudi ili mawe yachungulie, mabango yamechujuka, ukutani imeandikwa "Uhuru 1961", mwaka wa majirani zetu Tanganyika. Nyasi za mapaa ziliezekwa na mafundi wa Kizulu walioletwa kutoka Afrika Kusini. Ufa mmoja ukutani nilisimama nao hadi dada akanivuta mkono: umechongwa kwa patasi, ukatiwa rangi ya unyevu chini na ya jua juu, kama ufa wa kweli unavyozeeka. Fundi aliyefanya hivyo aliwahi kuzitazama nyumba za pwani kwa makini kuliko wengi wanaozaliwa ndani yake. Rohde huyo huyo ndiye aliyeongoza usanifu wa Aulani, hoteli ya klabu iliyofunguliwa Hawaii 2011, na sikukutana na mwenye pointi aliyeisema vibaya.

Baada ya hapo tukachukua basi hadi Magic Kingdom, mbuga yenye kasri, kisha ile treni ya reli moja inayozunguka ziwa. Kituo cha kwanza ni Contemporary, na treni haisimami nje, inaingia tumboni mwa hoteli. Jengo ni la 1971, chuma na zege, umbo la herufi A, na vyumba vyake vilitengenezwa pembeni vikiwa kamili, kisha kreni ikavipachika kimoja kimoja kwenye fremu. Katikati ya ukumbi kuna ukuta wa vigae wa Mary Blair, urefu futi 90, picha za watoto, ndege na wanyama. Dada akanionyesha mbuzi mmoja mwenye miguu mitano. Nilihesabu. Ni mitano.

Nikamwambia shemeji: hili nalo ni jengo la zege, halina makuti wala kinyago, mbona hulilalamikii?

Akafikiri hadi milango ya treni ikafunga. "Hili lilijengwa na mtu jasiri," akasema. "Ule wa kule umejengwa na mhasibu."

Mnara wa kule ndio Island Tower, wa hoteli ya Polynesian. Hoteli ya zamani, nayo ya 1971, ni nyumba ndefu za ghorofa mbili tatu zenye majina ya visiwa, zimefichwa na minazi na maua, njia zinapinda huku na huku. Ukitoka hapo ukatembea kuelekea hoteli ya jirani, Grand Floridian, bustani inafunguka na mnara unasimama mbele yako, mrefu, roshani zimepangwa safu juu ya safu. Si mbaya. Ungekuwa Miami au Dubai ungepita bila kugeuza shingo, na hicho ndicho kinachowauma. Mahali hapo zamani palikuwa na jukwaa la karamu ya jioni na ngoma za Polynesia.

Ukumbini kwa hoteli ya zamani tulikuta mzee na mkewe kutoka Ohio, wenye pointi tangu miaka ya tisini, na kama kawaida ya wenye pointi walitambuana na shemeji kwa beji ya kwenye begi na maongezi yakaanza bila utangulizi. Mama yule alinyosha mkono kuonyesha palipokuwa na maporomoko ya maji, ndani ya ukumbi, mimea imeyazunguka hadi juu. Yaliondolewa 2014. Alieleza harufu yake, unyevu ule na udongo, ulivyokuwa unakupokea ukitoka juani. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliye matangani.

Nilidhani sasa watauponda mnara pamoja na shemeji. Kumbe wamelala huko huko! Mama ana magoti mabovu. Kwenye nyumba ndefu alikuwa anatembea hadi achoke, kwenye mnara lifti inamshusha karibu na kila kitu. Na usiku wanakaa roshani wakiona fataki juu ya kasri, ng'ambo ya ziwa. "Ni mbaya kwa nje," akasema, "lakini mimi nikilala niko ndani."

Walitukaribisha tuone. Chumba chao ni kile kidogo cha watu wawili, na kitanda kinakunjwa ukutani. Shemeji aliangalia mandhari, mimi nikaangalia bawaba. Nilikishusha na kukipandisha. Kinateremka kwa kidole kimoja, hakigongi, na mguu wake unajifungua wenyewe. Kazi safi sana. Mbao ni za kubandika, kingo zimezibwa kwa mkanda wa plastiki, na kwenye pembe moja mkanda ulikuwa umeanza kuachia. Nikafikiria 2066, mwaka mkataba wa hapo unapoisha. Mkanda huo utabadilishwa mara nyingi kabla ya hapo, na wenye pointi za hapo ndio watakaoulipia.

Riviera tuliiona kwa haraka, kwa sababu mvua ya alasiri ilikuwa inakuja na vile vibanda vya kamba vinavyopita angani vinasimamishwa radi ikikaribia. Hapo wana wazo zuri: picha kutoka filamu za katuni zimewekwa nyuma ya kitanda cha kukunja, mtoto anaiona usiku tu kitanda kikishuka. Ndani ya njia ya kwenda bwawani kuna picha mbili za vigae vidogo vidogo ambazo hata shemeji alizisifu. Ugomvi wake na Riviera ni mwingine: ukinunua pointi zake mkononi mwa mtu, siyo kwa kampuni, huwezi kuzitumia hoteli nyingine za klabu. Hayo si mambo ya rangi, nami nikamwacha ayamalize mwenyewe.

Maoni yangu nilimpa tukiwa kwenye mashua, kutoka Contemporary kwenda Fort Wilderness, sehemu ya kupiga kambi. Nilimwambia hoteli za zamani zilijengwa ili mtu aliyelipa usiku mmoja akasimulie. Hizi mpya zinajengwa ili muuzaji aoneshe chumba cha mfano, mteja asipate cha kukataa. Kinyago cha Waigbo kuna mteja atakikataa. Ukuta mweupe hakuna. Ndiyo maana wenye pointi wa zamani wanalia na wapya wanasaini.

"Na katuni?" akauliza.

Katuni zinabandikwa na kubanduliwa, nikamwambia. Vyumba vya Contemporary na vya Polynesian ya zamani vilipewa mapambo ya filamu 2021. Filamu nyingine ikivuma, fremu zitashushwa kwa bisibisi. Paa la Animal Kingdom Lodge huwezi kulishusha kwa bisibisi.

Kando yetu alikuwa mama kijana wa Texas na watoto wawili na mbwa wao aliyemsubiri kwenye banda lao huko mbele. Mabanda hayo ya Fort Wilderness yalifunguliwa Julai 2024 mahali pa yale ya zamani yenye sura ya magogo. Mapya yana kioo kikubwa na jiko la kisasa, na shemeji anayaita makontena. Yule mama alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema watoto wake wanalala, yeye anapika, mbwa anaruhusiwa, na magogo hajawahi kuyakosa. Amenunua juzi. Mkataba wake unaisha 2075, na mtoto wake mdogo hapo atakuwa anakaribia kustaafu.

Mashua ikapita karibu na kreni. Ni hoteli mpya ya klabu inayojengwa ukingoni mwa ziwa, Lakeshore Lodge, iliyotangazwa kufunguliwa 2027. Kwanza ilitangazwa 2018, baadaye ikapewa jina jingine, ikakwama wakati wa korona, sasa imerudi. Abiria karibu wote walihamia upande huo na simu zao. Mmoja akasema hilo ni boksi. Mwingine akasema subiri waweke mbao. Shemeji alikuwa ameshaanza kuhesabu ghorofa kwa kidole, midomo ikichezacheza, na Mtexas naye akahesabu, wakapata majibu tofauti, wakaanza upya.

Dada hakuinuka. Aliuliza tu studio ya kule itakula pointi ngapi kwa usiku, yenye kutazama ziwa. Hakuna aliyejua, na nahodha akatuambia tukae chini kwa sababu tunafika gatini.