Mama alipokataa kupanda gari langu

Mama yangu anaishi Matamba, Makete. Mimi nipo Mbeya mjini, na kila baada ya miezi miwili hivi namfuata nimlete kliniki kwa ajili ya mgongo wake. Aliyewahi kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba anaijua ile barabara. Wanaiita Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake: kilomita kama tisa za mawe yaliyochongoka na makorongo yaliyochimbwa na mvua, ukuta upande mmoja, bonde upande wa pili.

Siku moja tulipomaliza kushuka na kugusa lami pale Chimala, mama akaniomba nisimame. Akateremka taratibu, ameshika kiuno. "Mwanangu, wewe tangulia. Mimi nitakuja na Coaster." Nilidhani utani. Nikaishia kuendesha karibu kilomita 80 hadi Mbeya nyuma ya Coaster, kiti cha pembeni yangu kitupu.

Gari lenyewe ni RAV4 ya zamani, nililinunua Dar kwa mtu aliyelivalisha rimu za inchi 18 zinazong'aa. Nilizipenda sana zile rimu.

Kijiweni kila mtu alikuwa na jibu moja: shokapu zimekufa. Nikaenda dukani, muuzaji akanipa nne ngumu, za magari ya mizigo. "Hizi hazifi, kaka." Zaidi ya laki nne zikaondoka. Jumamosi nikapanda Hamsini na Saba peke yangu kuzijaribu, na kabla ya kona ya kumi nilikuwa nimeshajing'ata ulimi.

Ndipo nikapelekwa kwa fundi mmoja mzee, Mwanjelwa. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza historia yote, wala hakuisikiliza hadi mwisho. Aliegemea kona ya boneti kwa uzito wake wote, akaachia. Gari likapanda mara moja, likatulia. "Shokapu zako nzima, kijana wangu. Ni ngumu mno tu. Nani alikwambia zile za kwanza zilikuwa mbovu?"

Hakuna aliyeniambia. Hata kuzipima sikuzipima.

Alinieleza jambo ambalo ningelijua mapema ningebaki na laki nne zangu. Anayebeba gari ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi, isiendelee kucheza baada ya kupigwa na shimo. Shokapu ikifa, gari linadundadunda kama mpira, linayumba, tairi linaruka badala ya kukanyaga. Mimi gari langu halikuwa linadunda hata kidogo, lilikuwa linapiga. Ukilifungia shokapu ngumu kuliko springi zake, kila jiwe dogo linapita moja kwa moja hadi kwenye kiti.

Akachukua geji, akapima upepo. 42. Akafungua mlango wa dereva, akanionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo: 30. Niliona aibu, maana hiyo 42 niliiomba mwenyewe. Nilijiambia barabara ni ya mawe, tairi lijae lisitoboke. Kumbe tairi ndilo springi ya kwanza ya gari. Likijaa kupita kiasi halikunji mwili juu ya jiwe, linaligonga kama gongo, na ndivyo linavyochanika.

Zile rimu nazo zilikuwa na sehemu yake. Namba za ubavuni zilisomeka 225/55 R18. Ile 55 ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni 55 kwa 100 ya upana wa milimita 225, yaani kama milimita 124. Tairi la 215/70 R16 lina ubavu wa kama milimita 150, na kimo chake chote ni karibu sawasawa na lile la kwanza. Maana yake nilikuwa nimetoa sentimita mbili na nusu za mpira na hewa, nikaweka chuma king'ae.

Lakini kilichonishangaza zaidi kilikuwa chini. Alimulika tochi nyuma, juu ya gurudumu, kwenye ile raba fupi inayozuia chuma kisigonge chuma springi ikiisha safari yake. Raba ya kushoto ilikuwa inang'aa kama kisigino cha kiatu cha zamani, na mdomo wa chuma umejichora juu yake. Ya kulia ilikuwa imebaki nusu, inamomonyoka ukiigusa. Kila nikitoka Matamba nilikuwa napakia viazi, gunia mbili, wakati mwingine tatu. Springi zilikuwa zimelala. Gari lilikuwa linakaa karibu na raba muda wote, kwa hiyo kila shimo lilipiga raba. Springi iliyochoka kumbe haikupi gari laini, inakupa gari gumu.

Tulianza na upepo kwa kuwa ni bure, na nusu ya maumivu ikaisha siku hiyohiyo. Springi za nyuma na raba mpya zikafuata, kisha rimu za inchi 16, kisha shokapu za kawaida. Zile ngumu nilimuuzia jamaa anayebeba tofali, kwa bei ambayo sitaki kuikumbuka.

Siku hizi nikiwa sina mzigo nashusha upepo hadi 26 kabla ya kupanda, natembea polepole, na nikirudi kwenye lami najaza tena kwa pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari. Nikiwa na viazi sishushi ya nyuma. Na kule juu, kwenye vumbi lenye mawimbi kama bati, kuna wanaosema ukikimbia 60 huyasikii. Kweli huyasikii, kwa sababu tairi linagusa vichwa tu. Nilijaribu mara moja, nyuma ikanitoka kwenye kona. Niliposimama nikagusa shokapu, ilikuwa ya moto kama sufuria.

Mama amerudi kiti cha mbele. Mgongo hautaji tena. Ila gari lenye matairi ya ubavu mrefu hulala zaidi kwenye kona, na kona ziko 57. Safari iliyopita alifungua kioo katikati ya mteremko, mkononi ana mfuko wa nailoni, akaniuliza kama yule fundi wangu ana dawa ya kichefuchefu.