Jinsi tulivyoingiza majina ya wanawake kwenye hati za mashamba kijijini kwetu

Mimi ni msaidizi wa kisheria katika kijiji kimoja cha nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Kazi yetu inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na mashauri mengi tunayoletewa ni ya ardhi: mjane aliyetolewa shambani na shemeji zake, mke aliyekwenda kupalilia akakuta shamba limeshauzwa. Zoezi la kupima mashamba na kutoa hati za hakimiliki ya kimila lilipotangazwa, nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Hati ikitoka na jina la mume peke yake, dhuluma ambayo zamani ilisimama kwa maneno ya wazee sasa itakuwa na muhuri wa kijiji na wa wilaya.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima. Haya watu walishayasikia kwenye semina, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani, na shamba likabaki kuwa la baba. Niliyojifunza ni kwamba haki ya mwanamke wa kijijini inaamuliwa pale mpakani, dakika ile fomu inapojazwa.

Mpimaji anafika shambani na kishikwambi, majirani wa mpaka wamesimama, mjumbe wa kamati ya uhakiki, ile inayothibitisha shamba ni la nani na mipaka yake, yupo. Anauliza, "Shamba la nani?" Kijiji kizima kina jibu moja kwa swali hilo. Hata mwanamke aliyelifyeka mwenyewe atataja jina la mumewe, maana ndivyo shamba linavyoitwa. Nikaomba kwa mtendaji na kwa wapimaji swali libadilike: "Shamba hili linalimwa na nani na nani, na mlilipataje?" Walikubali, na majibu yakaanza kuja tofauti. "Tulilinunua kwa mahindi ya msimu ule." "Upande ule alinigawia mama yangu kabla hajafa." Ukishasikia "tulinunua", ni rahisi kuuliza kama majina yote mawili yaandikwe.

Lakini mpimaji hawezi kusimamia hilo peke yake, kwa hiyo kamati ya uhakiki ilikuwa muhimu sana. Sheria inataka wajumbe wasiozidi 9, na kati yao wanawake wasiopungua 4. Idadi hiyo inaweza kutimizwa na wanawake wasiofungua mdomo. Kabla ya mkutano mkuu wa kijiji tulizungumza kwenye vikundi vyetu vya hisa tukakubaliana majina, akiwemo bibi mmoja anayejua mipaka ya kitongoji chetu mti kwa mti. Tukaomba pia mkutano uitwe alasiri, watu wakiwa wametoka shambani. Wanawake walijaa, na majina yetu yakapita. Huyo bibi alikuja kuwa nguzo ya kamati: mwanamume akidai kipande cha dada yake, bibi anamkumbusha nani alikigawa, na mbele ya nani.

Wanaume wengi sikuwaona kama maadui. Walikuwa na hofu, na hofu hujibiwa. Mzee mmoja aliniambia mbele ya mkewe, "Mdogo wangu, nikimwandika huyu, kesho nimekufa ataolewa, mwanamume mwingine atakuja kulima kwangu."

Nikamwambia, "Kaka, na usipomwandika, kesho umekufa, nani atakuja kumtoa humu na wanao?"

Alikaa kimya kidogo, akawataja wadogo zake wawili. Kisha akamwambia mjumbe aandike majina yote mawili.

Wengine walisema mke hakuchangia chochote. Kwa hao nilikuwa na shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kama kupika na kulea kunahesabika mahakamani, sembuse jembe? Nilishangaa jinsi wanaume wanavyoiheshimu hukumu ya mahakama kuliko kifungu cha sheria, labda kwa sababu ndani yake kuna watu waliogombana kama wao.

Kikwazo kingine kilikuwa kidogo kwa macho tu. Kijijini mwanamke ni Mama Neema, Mama Ayubu. Mume anaulizwa jina kamili la mkewe, anataja jina la ubatizo na ukoo wake yeye mwenyewe, wakati kadi ya mpigakura ya mke ina jina la baba yake. Hati ya namna hiyo italeta ubishi siku ya msiba. Tukapita nyumba kwa nyumba kabla ya wapimaji, tukiwaomba wanawake watoe kadi zao, tukanakili majina herufi kwa herufi kwenye daftari. Wasio na kitambulisho chochote tuliwaandikia mapema ili mtendaji awashughulikie.

Palipotuumiza kichwa zaidi ni kwenye ndoa za mitala. Mume akiandikwa na mke mkubwa kwenye mashamba yote, mke mdogo na watoto wake wanakuwa wageni kwenye ardhi wanayoilima. Akiandikwa peke yake, wote wawili wako hatarini. Tuliloona linafaa ni kufuata jembe: shamba analolima mke mkubwa liandikwe mume na mke mkubwa, la mke mdogo liandikwe mume na mke mdogo. Inataka kikao cha familia nzima, wake wote wakiwepo na kusema wenyewe. Familia moja ilikaa mpaka giza likaingia kwa ajili ya bonde moja ambalo wote wawili walilima mboga. Mwishowe walilikata, na kamati ikaweka alama mbele yao.

Orodha ya majina ilipobandikwa ofisi ya kijiji kwa ajili ya pingamizi, tuliwasomea wasiojua kusoma, jina moja moja. Makosa kadhaa yalionekana pale na kurekebishwa kabla hati hazijasainiwa na mwenyekiti na mtendaji na kwenda kusajiliwa wilayani.

Kwa sasa tunafuatilia masijala ya ardhi ya kijiji, yaani ofisi inayotunza kumbukumbu za hati, kwa sababu mume akifariki, jina la mjane liko kwenye hati lakini ndugu bado huja na kikao cha ukoo. Kila msiba ukitokea, mmoja wetu anakwenda na nakala ya hati kabla ya arobaini, anakaa na familia, anawasomea kilichoandikwa.