Waswagaji hawamo kwenye picha

Kazi ya kanga, yule ndege si nguo, imeisha. Picha zimeenda kwa mhariri jana usiku wa manane baada ya intaneti kunichezea shere masaa kibao, na leo niko tu hapa Kampala na chai na chapati, nawaza, manake kila nikimwambia mtu nilikuwa Nyabushozi, kule magharibi mwa Uganda, kupiga picha za watu wanaowinda ndege ananitolea macho.

Wengi hata hawajui kama huo uwindaji upo. Ulipigwa marufuku nchi nzima 1979, halafu 2001 ukarudishwa kwa majaribio kwenye ranchi za karibu na Ziwa Mburo, hoja yao ilikuwa mfugaji akipata hela kutokana na wanyama wanaomlia majani hatawaona tena maadui. Watu wanajua kinamasi cha Mabamba, kule wageni wanapanda mtumbwi kumtafuta ndege domo-kiatu, na nchi yenye aina zaidi ya 1,000 za ndege ni haki yake ijulikane kwa darubini za watazama ndege. Mimi mwenyewe nimelelewa na kazi za darubini. Sasa jarida moja la ng'ambo likaniomba nifuatane na wateja wa bunduki, picha na maneno vyote juu yangu, nikasema sawa, kodi ya nyumba haisubiri.

Kanga hapendi kuruka, anapenda miguu. Kundi likikusikia linatimua mbio, vile vichwa vya bluu vimechomoza juu ya nyasi, na wawindaji wa aina hii wana miiko yao, ndege anayekimbia hapigwi, mpaka aruke. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumrusha. Hao ndo waswagaji, vijana na wazee wa vijiji vya jirani, wanajipanga mstari upande wa pili wa kichaka na kuja polepole wanagonga migunga kwa fimbo na kupiga miluzi, wateja wamesimama huku kwenye uwazi wanasubiri. Kwale naye ana tabia zake, anajibana kwenye nyasi kimya mpaka karibu umkanyage ndo anafumka miguuni mwako kwa kishindo, moyo unaruka naye, na kama kidole hakiko juu ya kitufe hiyo picha imeshakwenda. Naweka shata ya kamera 1/2500 ya sekunde, jua liwe nyuma ya ndege kama limekubali, na mimi nakaa nyuma ya bega la mwenye bunduki, siku zote nyuma, marisau, zile chembe zinazotoka kwenye bunduki, yakishatawanyika hayaulizi nani kaja na kamera. Afande aliyekuwa nasi alinimalizia mapema kabisa, na kile Kiswahili chake cha kambini: "Wewe wa kamera, ukipita mbele ya mtutu, kazi nimefunga." Ndiyo afande.

Kinachofuata ndo hakinipi raha. Mteja anataka picha na ndege wake, na ndege kama alivyoanguka hachapishiki. Basi unapiga magoti, unamfuta damu mdomoni kwa kitambaa chenye maji, unamrudishia bawa mahali pake, unayalaza manyoya kwa kidole, yale meusi yenye vidoti vyeupe, na mwili bado una joto. Kanga kuuawa aliwe sina neno, kuku nimekula tangu utoto. Kinachonikera ni kwamba mimi ndo nimelipwa nihakikishe anayetazama asione kama kuna kitu kimekufa hapo.

Siku moja nilitembea na mzee mmoja wa waswagaji, Kiswahili chake amekiokota enzi akifanya kazi reli. (Jina lake ninalo, ila hapa siliweki, sijamwomba ruhusa.) Anajua kundi limelala mti gani kwa kuangalia tu kinyesi na manyoya chini yake. Nikamuuliza, mzee, nyumbani huyu mnamla? Akacheka mpaka akasimama. "Mwanangu, nikimtega mimi kwa kamba ni jela, akipigwa na mgeni ni utalii." Na hajakosea, sheria ya wanyamapori ya 2019 haimruhusu mtu kuwinda bila kibali, na kwa wanyama walio hatarini kutoweka adhabu inafika hadi kifungo cha maisha au faini ya shilingi bilioni 20. Kanga hayumo kwenye kundi hilo la hatari, lakini nani kijijini atakaa kusoma vifungu, yeye anaona pingu. Jioni yake akapewa hela ya siku na kanga mmoja, afande akashuhudia, mzee akamfunga kanga miguu kwa nyasi akamning'iniza kwenye usukani wa baiskeli akaondoka nayo vumbini. Hiyo ndo picha niliyoipenda kuliko zote.

Halafu korongo taji! Katikati ya kuswaga wakakatiza wawili, chini kabisa, mitutu yote ikashuka bila mtu kuamrishwa. Huyu yuko kwenye bendera yetu, na tangu 2012 ameingizwa kwenye orodha ya ndege walio hatarini duniani, sababu kubwa ni vinamasi anavyotagia kugeuzwa mashamba.

Usiku tukala kanga wa karanga kwa matoke, mgumu kidogo ila mtamu, nikang'ata marisau, krak. Chembe ndogo ya kijivu, madini ya risasi. Nikaiweka pembeni ya sahani. Marekani waliyakataza madini hayo kwenye uwindaji wa ndege wa majini 1991, Umoja wa Ulaya nao 2023 kwa maeneo ya vinamasi, manake bata anaziokota zile chembe akidhani ni changarawe za kusagia chakula kwenye firigisi, zinamuua taratibu. Mteja ni mtu wa huko huko Ulaya, nikamuuliza kwao kinamasini anatumia nini, akasema marisau ya chuma. Na huku? Akaomba chumvi.

Sasa mchana huu mhariri kajibu. Kafurahi, anataka kwale anayefumka na mteja anayecheka na kanga wake msafi. Ya baiskeli ni nzuri, anasema, ila haiendani na stori. Nimemjibu kwamba stori nimeiandika mimi na nusu yake ni waswagaji, kwa hiyo kama picha haiendi basi akate na hizo aya, na jina langu aliondoe juu. Bado kimya. Nusu ya malipo nilishachukua kabla gari halijawashwa, na nyie wadogo zangu mnaoanza hii kazi msikubali chini ya hapo. Ya baiskeli nimeshaitoa nakala kubwa pale mjini, yangu moja na ya mzee moja, dereva anashuka Mbarara Jumamosi ataipitisha, anadai elfu 10 ya mafuta eti kijiji kiko ndani sana. Tutaelewana.