Sportster 883 au 1200: hesabu niliyoipiga kabla ya kununua

Nilipoanza kutafuta Sportster, pikipiki ya Harley-Davidson, iliyotumika hapa Austin, Texas, karibu kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: chukua ile ya cc 883, ukishaizoea utapanda 1200. Muuzaji alisema hivyo, jirani alisema hivyo, na rafiki yangu mmoja Mkenya, mwenye 883 yake mwenyewe, akaniambia, "Kaka, wewe umetoka kwa Boxer. Usikimbilie kubwa." Kuanza na ndogo ni ushauri mzuri kwa pikipiki nyingi. Kwa hii niliukataa, na naandika hesabu niliyoipiga kwa sababu najua wapo ndugu huku ughaibuni wanaoumiza kichwa kwa jambo hilohilo.

Harley-Davidson walianza kutengeneza Sportster mwaka 1957, na ya kwanza ilikuwa cc 883. Mwaka 1986 ilipoingia injini ya Evolution zikawa mbili, 883 na 1100, na miaka miwili baadaye ile 1100 ikapanuliwa kuwa 1200. Tangu hapo zikaenda sambamba kwa zaidi ya miaka 30, hadi injini hiyo ilipoondolewa kwenye soko la Marekani baada ya toleo la 2022. Mimi nilikuwa naitaka Iron, ile nyeusi isiyo na mapambo mengi. Iron 883 ilitoka 2009, Iron 1200 ikafuata 2018. Mwaka huo zikiwa mpya, ndogo ilikuwa dola 8,999 na kubwa 9,999, kwa hiyo hata dukani pengo lilikuwa elfu moja tu.

Sasa njoo kwenye uzito. Iron 883 ikiwa na mafuta na oili ni karibu kilo 256. Iron 1200 nayo ni karibu kilo 256. Fremu ni moja, tanki ni lita 12.5 kwa zote, breki ya mbele ni diski moja kwa zote. Anayesema 883 ni ya kujifunzia anasoma namba iliyoandikwa ubavuni, hajaibeba pikipiki yenyewe. Ikikulalia kwenye maegesho utainua kilo zilezile. Kuigeuza kwenye nafasi finyu kwa mwendo wa mtu anayetembea, jambo linalomtoa mgeni jasho kuliko kasi yoyote, ni shughuli ileile. Boxer 150 niliyokuwa nayo Morogoro ilikuwa kama nusu ya uzito huo. Niliweza kuisukuma mkono mmoja huku naongea na simu. Hii huisukumi hivyo, iwe ndogo au kubwa.

Kwa hiyo swali la "ipi rahisi kwa mgeni" likafa hapo. Likabaki swali la injini, na hapo nilikaa sana.

Ndani ya injini, pistoni za 883 na za 1200 zinapanda na kushuka umbali uleule, milimita 96.8. Kinachotofautiana ni upana wa silinda: milimita 76.2 kwa ndogo, 88.9 kwa kubwa. Ni sufuria mbili za kimo kimoja, moja pana zaidi. Upana huo ndio unaoleta nguvu ya kuvuta: 883 inatoa kama Newton-mita 70, 1200 inapita 95, na zote mbili zinatoa nguvu hiyo bila injini kuzungushwa sana. Hilo watu wanalijua. Lisilosemwa sana liko kwenye kasha la praimari, upande wa kushoto wa injini. Ile gia inayotoka kwenye injini kwenda kwenye klachi ina meno 34 kwa 883 na meno 38 kwa 1200, na zote zinazungusha gia ya meno 57. Maana yake ni kwamba kiwanda kimeipa ndogo gia fupi ili isionekane mvivu mjini, na gharama yake unailipa barabara kuu: kwa mwendo uleule, injini ya 883 inazunguka zaidi. Ukiwa gia ya tano kwenye maili 70 kwa saa, tofauti ni kama mizunguko mia nne kwa dakika. Kwenye karatasi mia nne si kitu. Mikononi na miguuni, baada ya saa moja barabarani, utaihesabu.

Ukiishi Nairobi au Dar na safari zako ni za mjini, haya yote ni mazungumzo ya kijiweni. Hapa Texas barabara zenyewe ndizo zinazoamua. Kuna njia inaitwa State Highway 130, inayopita mashariki mwa Austin kushuka hadi Seguin. Kipande chake cha kusini kilifunguliwa 2012 na kibao chake kinasoma maili 85 kwa saa, yaani kilomita 137, kiwango cha juu kuliko barabara yoyote Marekani. Mimi njia hiyo naitumia sana, nikienda Lockhart kula nyama na nikienda San Antonio kwa ndugu. Na ukiwa kwenye maili 85 halafu lori likakujia nyuma kwa 90, unahitaji kitu kilichobaki kwenye mkono wa kulia. 883 inafika mwendo huo, sisemi haifiki. Inafika ikiwa imetumia karibu kila ilichonacho.

Nilizijaribu zote. Mwenye 883 ya kwanza, huko Round Rock, alitaka bei yote taslimu mkononi mwake kabla hajanipa ufunguo, na ndiyo desturi ya huku wanapouziana watu binafsi: ukiiangusha, umeinunua. Nikampa, nikaondoka nikiwa natetemeka kidogo. Mjini ile pikipiki ilinifurahisha kweli. Gia fupi zinakufanya uishughulikie, unaivuta ya pili mpaka inguruma, unatia ya tatu, unajiona dereva, na yote hayo hujavunja sheria. Nilipoingia barabara kuu ya I-35 ndipo nilipoanza kutafuta gia ya sita. Mguu wangu wa kushoto ulijaribu kuipandisha mwenyewe. Sita haipo, zote zina gia tano.

Kilichonipa jibu kamili, hata hivyo, ni ile ya yule Mkenya, kwa sababu aliifunga siti ya watu wawili na vikanyagio vya abiria. Iron zote zilitoka kiwandani na siti ya mtu mmoja, na mimi nilijua kabisa kwamba mke wangu atakuwa nyuma yangu siku nyingi. Tukaiazima Jumamosi, tukaenda Ranch Road 12, ile ya vilima kati ya Dripping Springs na Wimberley. Ni njia ya kwenda na kurudi, haina kizuizi katikati, na sehemu za kupita gari lingine ni chache. Tukalikuta gari la kuvuta tela la farasi linapanda mlima taratibu. Mstari wa njano ukakatika, nikashusha gia moja, nikaona haitoshi, nikashusha ya pili, nikafungua. Injini ikalia, tela likaanza kurudi nyuma polepole, polepole mno, na mbele mstari ukawa unakaribia kuungana tena. Tulipita salama. Tuliposimama kunywa maji mke wangu akavua helmeti akaniuliza, "Baba Neema, mbona ilikuwa inalia hivyo? Imechoka?"

Wiki iliyofuata nikaendesha Iron 1200, ya 2019, peke yangu. Kwenye kilima nilibaki gia ya nne, nikafungua kidogo, ikaenda. Si kasi iliyonivutia, kwani pikipiki za spoti za cc 600 zinaiacha mbali. Ni kwamba haikuhitaji maandalizi. Unataka kupita, unapita. Na ule mtetemo wa mizunguko mingi ulikuwa umeshuka ukawa mapigo mazito ambayo mkono unayavumilia.

Kuna njia ya tatu ambayo mafundi wa huku watakupendekezea: nunua 883, ibadilishe iwe 1200. Kwa kuwa pistoni zinasafiri umbali mmoja, unabadilisha silinda na pistoni, unairekebisha kompyuta ya mafuta, imekwisha. Kazi hiyo ni ya kawaida sana na ikifanywa na fundi anayejua haina tatizo. Nilikuta moja tayari imebadilishwa, bei ya kuvutia. Nikamwomba mwenyewe risiti za vipuri na jina la aliyeipima kompyuta, akaanza hadithi ndefu kuhusu shemeji yake. Nikamwaga. Na hata ikiwa imefanywa vizuri, meno 34 ya praimari yanabaki palepale usipoyabadilisha nayo, kwa hiyo unapata nguvu ya kubwa na kelele ya ndogo. Ningekuwa na 883 tayari, ninayoipenda, ningefikiria. Kuinunua kwa nia ya kuibadilisha, hapana; gharama ya vipuri na fundi inakula ile elfu moja mara moja.

Bima ilitofautiana kidogo tu, nilipiga simu kabla sijafunga bei. Mafuta vivyo hivyo: makadirio ya kiwanda ni maili 51 kwa galoni kwa 883 na 48 kwa 1200. Hilo lisikusumbue.

Nikanunua ile ya 2019. Nikaifunga siti ndefu na vikanyagio, kisha nikabadilisha shokapu za nyuma, kwa sababu za kiwandani ni fupi mno. Ukikanyaga shimo ukiwa na abiria, uti wa mgongo unapata habari kwanza. Hilo ni la zote mbili, injini kubwa haikuokoi. Wala haikuokoi na joto. Ni injini ya kupozwa na upepo, na mwezi wa Agosti kwenye foleni ya I-35 hakuna upepo, ile silinda ya nyuma inachoma paja la kulia, na 1200 inachoma zaidi. Siku hizo naenda kazini na gari.

Yule Mkenya hajabadili yake, na namuunga mkono. Anaishi katikati ya mji, anapakia mtu mara chache, barabara kuu anaigusa kwa sababu ya kuja kwangu tu. Kwake 883 ni pikipiki iliyokamilika. Tukienda Lockhart pamoja tunapita njia za ndani za mashambani, maili 55, na huko humwoni akitafuta gia ya sita.

Sasa mke wangu naye ameshachukua kozi ya leseni ya pikipiki, daraja M, na watu walewale wameanza kumwambia atafute 883. Nimempeleka kuona Honda Rebel badala yake. Rebel 300 ina cc 286 na kilo karibu 168, Rebel 500 ina cc 471 na kilo karibu 190, na hapo ndogo ni ndogo kweli, kwa mizani na si kwa kibandiko. Alizikalia zote mbili dukani, akazisimamisha, akazilaza kidogo huku na huku kupima mguu. Mimi nasema 300 kwa mwaka wa kwanza. Yeye ameniuliza kama 300 itapita tela la farasi Ranch Road 12, na jibu langu hajalipenda.