Chenji ya samaki

Jana nilipita Darajani kumnunulia bibi samaki. Muuzaji akanirudishia chenji, noti zimelowa maji ya barafu, nikabaki nimesimama nazo mkononi kama mjinga. Watu wananipiga vikumbo, mie nimesharudi miaka minne nyuma, soba, ile nyumba ya kuachia dawa za kulevya.

Mtu akijua umepita soba hukuuliza jambo moja tu: arosto uliiwezaje? Simlaumu, arosto, yale mateso ya mwili ukikosa heroini, ina masimulizi. Miayo haikatiki, makamasi, machozi bila kulia, ngozi imetoka vipele kama kuku aliyenyonyolewa, tumbo linaharisha, na usiku miguu inarusha mateke bila kutumwa. Lakini ile ni wiki. Siku ya nne nilidhani nakufa, ya nane nikaomba wali. Usingizi tu ndio uliochelewa. Mwezi mzima nililala macho nikihesabu mabati ya dari.

Mie kilichonitoa jasho ni ndoo na dekio. Saa kumi na moja alfajiri unaamshwa, unatandika kitanda, shuka ikiwa na kunjo unatandua unaanza upya. Zamu yangu ya kwanza ilikuwa vyoo. Nilikuwa na miaka 31, na tangu nianze na kokteli, bangi iliyochanganywa na heroini, mpaka nikafika kwenye sindano, sikuwahi kumaliza kazi hata moja ila ya kutafuta hela ya kete. Hiyo nilikuwa fundi. Niliwahi kung'oa mifereji ya shaba nyumbani kwa bibi nikaiuza chuma chakavu, bibi mwenyewe yumo ndani anasali adhuhuri.

Jioni ni mitingi, kikao cha kusimuliana yaliyotupata. Soba za Zanzibar zilianza mwaka 2009, na wanaoziendesha wengi ni waraibu walioacha. Zile hatua 12 za kuacha tunazozifuata ni za Narcotics Anonymous, chama cha waraibu kilichoanzia California mwaka 1953. Nikawaza, Wamarekani wanajua nini habari za teja wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja? Basi usiku mmoja msimamizi wetu, mtu mzima tukimwita Babu, akashea jinsi alivyokomba hela za rambirambi kwenye msiba wa baba yake mzazi. Hakuna aliyeguna. Mmoja akacheka, Babu naye akacheka, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata nikaitaja mifereji ya bibi.

Mwenzangu wa kitanda cha juu aliondoka mwezi wa pili. Alisema amepona, na kweli alinenepa, mashavu yalijaa. Tulikuwa tumeambiwa sote, tena si mara moja: ukikaa safi mwili unasahau, kipimo ulichokuwa ukikimudu zamani kinakuua. Alirudi kwenye kipimo chake kile kile. Tulikwenda kumzika na kanzu za kuazima.

Ndiyo maana hunikera watu wetu wa soba wanaowabeza wanaokunywa methadoni, dawa ya hospitali inayoshika nafasi ya heroini, eti hao si safi. Ninaye rafiki anayekwenda Kidongo Chekundu kila asubuhi, kliniki ile ipo tangu 2015. Anakunywa kikombe chake, anakwenda zake kwenye useremala, wanawe wanakwenda skuli. Usafi gani mwingine unautaka?

Mwezi wa tatu Babu akaniita, akanipa shilingi elfu thelathini.

"Nenda Darajani ukachukue vibua. Tupo watu 18."

"Nakwenda na nani?"

"Huna miguu?"

Kwa kawaida tulikuwa tukitoka wawili wawili. Na maskani yangu ya zamani kutoka sokoni ni mwendo wa kuvuta sigara moja. Kwenye daladala mkono haukutoka mfukoni, kiganja kinatoka jasho. Nilipofika sikupatana bei hata kidogo, nilitaka zile hela zinitoke haraka. Kwa hiyo niliibiwa, vibua vile havikuwa vya bei ile. Ikabaki elfu moja na mia tano.

Nikamkabidhi Babu chenji. Hakuhesabu. Aliitia mfukoni, akachungulia kapu, akasema, "Ndimu ziko wapi?"

Nilikwenda bafuni nikafungua mfereji mpaka mwisho, wenzangu wasinisikie.

Basi jana nikafika kwa bibi na changu wawili. Siku hizi ana mifereji ya plastiki, "hii haina mnunuzi," huniambia, na hucheka peke yake. Nikampa samaki, nikampa na noti zile mbichi. Akakaa kwenye kibaraza, akazikunjua moja moja juu ya goti, akahesabu. Akarudia kuhesabu.

"Imetimia," akasema, akazifunga kwenye ncha ya kanga.