Siku Mjomba alipotaka kuwasikia wenyewe

Mjomba wangu ana lori lake mwenyewe. Anapakia Toronto, anashusha Ottawa, na akishusha Ottawa hulala kwangu. Majira ya baridi ya mwaka 2024 hatukuwa na mazungumzo mengine mezani zaidi ya kodi ya kaboni. Anafika, anavua buti zenye theluji, na kabla chai haijapoa ameshaiweka risiti ya dizeli mbele yangu. "Mjomba, isome mwenyewe." Nami naisoma. Wakati ule serikali ya Kanada ilikuwa ikitoza dola 65 kwa kila tani ya hewa ukaa, na kwenye dizeli hiyo ilikuwa senti 17 na ushei kwa lita. Akijaza lita 500, karibu dola 87 ni kodi hiyo tu. Tarehe 1 Aprili ilikuwa inapanda hadi dola 80 kwa tani, yaani zaidi ya senti 21 kwa lita.

Mimi nilikuwa upande wa kodi. Juni 2023 moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua ulitanda Ottawa hadi jua likawa jekundu, watoto wakazuiwa kutoka nje wakati wa mapumziko shuleni, na binti yangu, ambaye ana pumu, akalala chumba kikiwa na taulo zimezibwa kwenye upenyo wa dirisha. Mwaka ule Kanada ziliungua zaidi ya hekta milioni 15. Baada ya hapo sikuhitaji kuelezwa na mtu kwa nini anayechoma mafuta alipie moshi wake.

Basi tukawa tunabishana, yeye na risiti yake, mimi na moshi wangu. Mpaka jioni moja tukasikia kwenye habari kwamba kesho yake, tarehe 21 Machi, chama cha Conservative cha Pierre Poilievre kitaleta bungeni hoja ya kutokuwa na imani na serikali ya Justin Trudeau, na sababu yenyewe ni kodi hii. Walitaka Bunge livunjwe, watu wakapige kura kuamua kodi ibaki au iondoke. Mjomba alikuwa akisubiri mzigo wa kurudi nao, hana pa kwenda. Akasema, "Twende tukawasikie wenyewe. Nimechoka kusikia vipande vipande redioni."

Usiku huo, kabla ya kulala, nilimwomba anioneshe akaunti yake ya benki kwenye simu. Tukarudi nyuma hadi tarehe 15 Januari. Pale palikuwa na dola 244 zilizoingia, na maelezo yake ni herufi za mkato tu zenye jina la nchi mwishoni. Nikamwuliza, hizi ni za nini? Akasema ni zile fedha za serikali zinazokuja kila baada ya miezi mitatu, za nafuu ya kodi ya mauzo. Nikamwambia hapana Mjomba, hizo ni marejesho ya kodi ya kaboni. Familia ya watu wanne hapa Ontario inapata dola 244 kila robo mwaka, 976 kwa mwaka, awe na gari au asiwe nalo.

Alikaa kimya akisogeza kioo kwa kidole: Oktoba 244, Julai 244. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. "Wanachochukua wamekiandika kwa jina kwenye bili ya gesi ya nyumba. Wanachorudisha wamekificha."

Na ni kweli. Kwenye bili ya gesi kodi ilikuwa na mstari wake peke yake, kila mwezi, imeandikwa wazi kabisa. Marejesho yalikuwa yakiingia kimyakimya. Hata jina lake serikali ilikuwa imelibadilisha Februari ile ile, miaka karibu mitano tangu kodi ianze kutozwa, ili angalau neno kaboni liwemo. Sheria yenyewe ni ya mwaka 2018, imejengwa juu ya ahadi kwamba sehemu kubwa kabisa, kama asilimia 90, inarudi majumbani. Unawezaje kuijenga sheria juu ya ahadi, halafu usimwoneshe mtu ahadi ikitimizwa?

Asubuhi tukashuka hadi kilima cha Bunge. Wabunge hawakai tena katika jengo la katikati lenye mnara, maana linakarabatiwa. Tangu 2019 wanakutana West Block, kwenye uliokuwa ua wa ndani uliofunikwa paa la vioo. Tulikaguliwa, tukapandishwa roshani ya wageni, tukaonyeshwa kifaa cha kusikilizia kwenye kila kiti, kwa sababu mbunge mmoja anaweza kuanza sentensi kwa Kiingereza akaimaliza kwa Kifaransa. Mjomba alikishika chake sikioni kwa mkono muda wote, hata pale walipozungumza Kiingereza anachokielewa vizuri. Alitaka asipitwe na kitu.

Mjadala wa hoja ulikuwa na nafasi ya hotuba ndefu kidogo. Lakini kilipofika kipindi cha maswali, saa nane na robo mchana, mambo yalibadilika. Swali ni sekunde 35. Jibu ni sekunde 35. Upinzani wanasimama na kaulimbiu yao ya kuifuta kodi, wenzao wanainuka kupiga makofi. Serikali wanasimama na kauli yao kwamba familia nane kati ya kumi zinarudishiwa zaidi ya zinacholipa, wao nao wanapigiwa makofi. Spika anaomba utulivu. Anayefuata anasimama.

Msimu ule wote pande zote mbili zilikuwa zikiinua ripoti ile ile ya Machi 2023, ya Ofisa wa Bajeti wa Bunge. Serikali ikisoma sehemu inayosema kwamba ukilinganisha kodi na marejesho peke yake, familia nyingi zinabaki na faida. Upinzani ukisoma sehemu inayosema ukiongeza athari kwa ajira na mapato ya uwekezaji, nyingi zinapata hasara. Niliisoma ripoti ile nyumbani. Inasema yote mawili. Na haikujaribu kuhesabu gharama ya kuacha dunia ipate joto, kwa hiyo moshi uliomlaza binti yangu na taulo dirishani haumo katika safu yoyote ya jedwali lile. Ni jambo linaloelezeka kwa dakika kumi, na mtu yeyote pale roshani angelielewa. Kwa sekunde 35 haliwezekani.

Swali lililonigusa zaidi lilikuwa la mafuta ya kupasha joto nyumba. Oktoba 26, 2023, Trudeau alitangaza kwamba wanaotumia mafuta hayo majumbani wasamehewe kodi kwa miaka mitatu. Msamaha ulikuwa wa kila jimbo lililotozwa kodi hii ya serikali kuu, lakini kila mtu alijua watumiaji wengi wako majimbo ya pwani ya Atlantiki, ambako chama chake cha Liberal kilikuwa na viti vingi. Waziri wake mmoja akaenda runingani akasema, kwa maneno yanayokaribia hayo, kwamba majimbo mengine yakitaka kusikilizwa yachague Waliberali zaidi. Novemba upinzani ukaleta hoja kwamba msamaha uwe kwa kila nishati ya kupasha joto nyumba, hata gesi. NDP, chama kingine cha upinzani, wakaungana nao. Hoja ikaanguka kwa kura 186 kwa 135.

Mjomba anapasha nyumba yake kwa gesi. Pale roshani alinikaribia sikioni. "Mbona wa mafuta wamesamehewa na mimi wa gesi nimeachwa? Moshi wa mafuta si ndio mbaya zaidi?"

Nikamnong'oneza kwamba mafuta ni ghali mno kuliko gesi, na wengi wanaoyatumia ni watu wa kipato cha chini, wazee wa vijijini, hawana fedha za kubadili mtambo. Walitaka kuwapa muda wafunge pampu za joto za umeme.

"Hiyo ina maana," akasema. "Sasa kwa nini hawasemi hivyo?"

Mhudumu wa roshani akatutazama, tukanyamaza. Nikabaki nasubiri waziri yeyote asimame aseme hivyo, au akiri kwamba msamaha ule uliharibu hoja yao wenyewe. Kwa saa zote tulizokaa sikusikia. Na hapo ndipo nilipoamini kwamba kambi ya upinzani, pamoja na kelele zake zote, ilikuwa na swali moja la haki kabisa, na kwamba serikali niliyoiunga mkono ilikuwa ikilikwepa. Ukisema bei ni moja kwa kila anayechafua hewa, halafu ukamwondolea mmoja, una wajibu wa kumtazama machoni yule uliyembakisha na kumweleza. Usipomweleza, atajieleza mwenyewe, na maelezo atakayojipa hayatakuwa mazuri kwako.

Upinzani nao niliwadai. Walikuwa wakisema futa, futa. Lakini badala yake nini? Hekta milioni 15 zimeungua mwaka uliopita, na chama kinachotaka kushika nchi hakisemi kitapunguza vipi hewa ukaa wala kwa gharama gani. Walimsemea sana dereva wa lori. Jina la dereva wa lori lilitajwa pale chini kila dakika chache, na dereva wa lori halisi amekaa juu yao ameshika kifaa sikioni, akisubiri jambo lake litajwe.

Jambo lake ni hili. Marejesho yale ni ya nyumba. Lori halimo. Sehemu fulani ya kodi ilitengwa irudi kwa biashara ndogo, lakini fedha hizo zilikuwa zimekaa serikalini tangu mwaka 2019 bila kumfikia mwenye biashara. Kwa hiyo nyumbani Mjomba alikuwa akipata zaidi ya anacholipa, na barabarani alikuwa akilipa bila kurudishiwa hata senti. Yote mawili ni kweli kwa mtu mmoja.

Tulitoka kabla ya kura kwa sababu mzigo wake ulikuwa umepatikana. Wellington Street ilikuwa na upepo wa kukata masikio. Akafunga koti akasema, "Mmoja ananiambia naibiwa, mwingine ananiambia nimepata faida. Hakuna aliyeniuliza ninaendesha nini." Nilimsindikiza hadi alipoegesha, akaondoka. Usiku akanipigia akiwa kituo cha mapumziko, amesikia matokeo redioni: waliounga mkono hoja 116, waliopinga 204. Liberal, NDP na Bloc Québécois, chama cha jimbo la Quebec, walipiga kura pamoja. Serikali imebaki. "Na 1 Aprili inapanda," akasema, akakata simu akalale.

Wiki ile nilimwandikia mbunge wetu. Barua kwa mbunge kule Ottawa haihitaji stempu, na nilimwandikia Mjomba yake vilevile, akatia sahihi. Tuliuliza mambo mawili tu: wenye gesi waelezwe sababu ya msamaha wa mafuta, na fedha za biashara ndogo zirudishwe. Jibu lilikuja, ukurasa mmoja, lenye familia nane kati ya kumi.

Tarehe 16 Aprili bajeti ikasomwa, na ndani yake dola bilioni 2.5 kwa biashara ndogo. Mjomba alinipigia kwa furaha hata sikumwelewa mwanzoni. Nikaenda kusoma masharti. Ni kwa kampuni zilizosajiliwa. Yeye anafanya kazi kwa jina lake mwenyewe, hakuwahi kuunda kampuni, kwa hiyo hayumo. Kumwambia hivyo kwa simu kuliniuma kuliko ubishi wote tuliowahi kuwa nao.

Kilichofuata kinajulikana. Machi 14, 2025 Mark Carney, wa chama kilekile cha Liberal, aliapishwa kuwa Waziri Mkuu badala ya Trudeau, na siku hiyohiyo akatia sahihi kuiondoa kodi kwa watumiaji wa kawaida kuanzia 1 Aprili. Chama kilichoileta ndicho kilichoizika. Mjomba alinitumia picha ya risiti ya kwanza isiyo na kodi, nami nikampongeza kwa moyo wote, maana nilijua ile hesabu ya lori. Marejesho ya mwisho yaliingia Aprili 22. Julai akaniuliza kama ya robo ile yamechelewa, nikamweleza kwamba hayapo tena. "Eh," akasema. "Yale mia mbili na kitu mama watoto alikuwa ameshayapangia."

Sehemu iliyobaki ni ile inayotozwa viwanda vikubwa, na ubishi sasa umehamia huko. Nimeanza kuisoma. Nataka kujua nani analipa, kiasi gani, na fedha zinakwenda wapi, kabla hawajaanza tena kupigiana makofi. Mjomba naye ameniambia nikisikia hoja inaletwa nimjulishe mapema apange mizigo yake, na kwamba safari hiyo hatoki mpaka kura ihesabiwe.