Mchanga wa Tongoni

Jumapili, maji ya bamvua.

Leo bahari imekupwa mbali sana hapa Tongoni, pwani ya Tanga. Nikashuka, nikachota mchanga kiganjani na kuutazama kwa lenzi hadi macho yakachoka. Karibu kila punje iliwahi kuwa sehemu ya kiumbe: kipande cha tumbawe, gamba la kome, kibanzi cha ule mwani wa kijani unaojijengea chokaa mwilini.

Tumbawe na mwani huo hujijenga kwa aragonaiti. Mwani mwekundu, ule unaoganda juu ya mawe kama ukoko, hutumia kalsaiti yenye magnesiamu nyingi. Aragonaiti na kalsaiti zote ni madini ya chokaa, ila fuwele zake zimepangwa tofauti, na punje zake zikishalala chini ya bahari hazitulii. Vijidudu visivyoonekana kwa macho huitoboa punje kuanzia nje, vijitundu vikajaa fuwele mpya ndogo mno, mwishowe umbo ni lile lile ila mwili ni mwingine. Chini kidogo, penye harufu ya yai viza ukifukua kwa vidole, bakteria wanakula mabaki ya viumbe. Maji yaliyobanwa kati ya punje hubadilika ukali: hapa yanayeyusha, pale yanagandisha.

Nimemkumbuka babu, mchoma chokaa. Alipanga magogo duara, mawe ya matumbawe juu yake, akawasha. Moto ulifukuza hewa ya kaboni dioksidi kutoka kwenye mawe. Chokaa ikishazimwa kwa maji na kupakwa ukutani, huivuta tena hewani na kuwa kalsaiti. Sitamani tanuu zile zirudi, matumbawe tunayahitaji yakiwa hai. Lakini babu alikuwa akigeuza madini, na hakuna aliyemwambia.

Bahari haina haraka ya babu. Magnesiamu iliyomo katika maji ya chumvi huizuia kalsaiti safi kuota, kwa hiyo aragonaiti nyingi hungoja mwamba uinuke nchi kavu, unyeshewe mvua, ndipo igeuke kalsaiti. Mwamba wa kale wa pwani yetu umeyapitia hayo. Ukivunja jiwe lake, mara nyingi vile vijumba vya matumbawe vimefifia.

Nimepanda hadi kwenye magofu ya msikiti, nikaweka kiganja ukutani. Jiwe lililogeuzwa na mvua, limeshikwa na chokaa iliyogeuzwa na moto. Nimesimama pale muda mrefu.

Maji yalipoanza kujaa niliurudisha mchanga wangu baharini. Sikutaka ukakaukie kabatini kwangu kabla haujageuka.